Nundu Iliyoitwa Simiyu

Shaka lililoninyima usingizi mwaka ule halikuwa la fizikia. Kosa katika hesabu ya rafiki yangu Barasa nilikuwa nimeliona, na kila nilipolirudia nililikuta palepale. Nisichojua ni kama nililiona kwa sababu lilikuwepo, au nililitafuta kwa sababu nilihitaji liwepo. Nafasi ya kwenda kusomea ng'ambo ilikuwa ya mtu mmoja. Barasa alikuwa wa kwanza, mimi nilikuwa wa akiba. Akianguka yeye, nainuka mimi. Mtu anayelala kwenye kitanda cha marehemu wa nyumba fulani, anayekula ugali wa mama wa nyumba hiyo, kisha akapata sababu ya kumwangusha mtoto wa nyumba hiyohiyo, anapaswa kujiuliza mara mbili. Mimi nilijiuliza mpaka swali lenyewe likachakaa.

Nayakumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Mama Simiyu, mama yake Barasa, huko kwao Bungoma. Barasa, ambaye sasa ana mvi na ni naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja ya upili, alinikuta nyuma ya hema nikijifanya natafuta maji ya kunawa. Hatukuwa tumeonana kwa miaka mingi. Alinitazama, akacheka kidogo, akasema, "Mwende, bado unafikiri mpaka kichwa kinatoa moshi?" Nikamwambia bado. Tukazungumza juu ya barabara mbovu na bei ya mbolea, wala hakuna aliyeutaja mwaka ule. Lakini mama wa kanisa aliyesoma majina ya watoto wa marehemu alitaja Simiyu aliyetangulia, akataja Barasa, kisha akataja na langu. Inasemekana ni marehemu mwenyewe aliyeacha agizo hilo. Nilitazama chini kama mtu aliyeitwa kizimbani katika mahakama ya Makadara. Mimi ndiye niliyekwenda ng'ambo, nikarudi na shahada na kazi nzuri. Barasa alibaki. Yeye hajawahi kunilaumu, nami sijawahi kuacha kusubiri anilaumu.

Nilifika kwao jijini, mtaa wa Makongeni, kwa sababu chuo kilifungwa. Kulikuwa na mgomo, wanafunzi wakaamriwa watoke, nasi tuliokuwa tumemaliza shahada ya kwanza na kuanza ya pili tukatolewa pamoja nao, masanduku kichwani. Barasa akasema kwao kuna chumba. Nilidhani anasema kwa adabu tu. Kumbe chumba kilikuwepo kweli, katika zile nyumba za wafanyakazi wa reli, na kilikuwa cha kaka yake Simiyu, fundi wa karakana ya reli aliyemlipia Barasa karo tangu shule ya msingi na ambaye alifariki kabla hajaoa. Kalenda ya ukutani ilikuwa bado katika mwezi wa kifo chake. Nyuma ya mlango kulikuwa na koti la kazi linalonuka grisi. Mama Simiyu alinionyesha kitanda, akanionyesha dirisha ambalo lazima lisukumwe kwa goti, kisha akaligusa lile koti. "Hili usilitoe," akasema. "Msumari ule mwingine ni wako."

Ukuta wa jikoni ulipakana na bomba la maji la laini yetu, safu yetu ya nyumba, kwa hiyo kila asubuhi nilisikia habari zangu zikizungumzwa. Mwanamke mmoja aliyeuza sukumawiki alimwuliza Mama Simiyu vipi ameletewa bibi wa Barasa bila watu kuitwa waje wale. Mama akajibu kwamba huyu hakuletwa kupika, na kama wanabisha waje waonje ugali wake. Wakacheka sana. Mwingine akasema basi huyo ni wa nini, akaambiwa ni wa vitabu, anahesabu vitu visivyoonekana. "Hata mzee wangu huhesabu visivyoonekana," akasema yule wa sukumawiki, "hasa mwisho wa mwezi." Nilikuwa ndani nimeshika kikombe, nikaona haya na raha kwa pamoja. Sikuwa nimewahi kukaa mahali ambapo watu walinisengenya kwa upendo.

Tulifanyia kazi kwenye meza ya chakula. Mama akishaondoa sahani za mrenda au omena, Barasa alifuta kitambaa cha plastiki kwa kiganja, tukatandaza karatasi zetu. Profesa wetu alilalamika mara moja kwamba kazi yetu inanuka samaki. Alikuwa ametupa nakala za grafu kutoka maabara za ng'ambo, tuzisome na kuona kama kuna kitu wenyewe wamekipita. Zilihusu chembe nzito, ndogo kuliko atomu, ambazo huishi kwa muda mfupi kiasi kwamba neno "kuishi" ni la kuzionea huruma tu. Chembe kama hiyo huvunjika ikatoa nyepesi tatu. Sasa, ukichukua mbili kati ya hizo tatu, ukauliza zingekuwa na uzito gani kama zingekuwa kitu kimoja, na ukafanya hivyo kwa mivunjiko mingi, unapata mstari unaopanda na kushuka kama kilima. Kilima hicho kikiwa na nundu mahali fulani, kwa kawaida ina maana kwamba pale katikati palikuwa na kitu: chembe nyingine, iliyozaliwa, ikakaa kidogo, ikavunjika. Barasa aliona nundu ndogo ambayo wenye jaribio hawakuizungumzia. Akaipima kwa rula, akaijengea hesabu, na hesabu ikamwambia hapo pana chembe mpya.

Kwao Bungoma mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, huitwa majina ya waliokufa, moja baada ya jingine. Likiitwa jina mtoto akanyamaza, basi huyo marehemu amekubali kurudi, na mtoto anachukua jina lake. Watoto kadhaa wa ukoo walikuwa wameitwa Simiyu tangu kifo chake, na kila mmoja aliendelea kulia mpaka alipoitwa jina la mtu mwingine. Mama hakulisema hilo mbele yangu, lakini nilisikia akimwambia dada yake aliyekuja kumtembelea: kwamba pengine mtoto wake amekasirika, pengine hakuzikwa vizuri, pengine mtu asiyeacha mtoto hana njia ya kurudia. Basi Jumapili moja, tukiwa mezani baada ya kanisa, Barasa akasema kwamba anayegundua chembe ndiye huipa jina, na kwamba yake ataiita Simiyu. Kwenye karatasi itaandikwa S tu, lakini siku ya semina, kazi itakaposomwa chuoni na ile nafasi ya ng'ambo kuthibitishwa, ataeleza S ni ya nani.

Mama aliweka mwiko chini. "Ulipoiita, ilinyamaza?"

Barasa alianza kucheka, kisha akamwona uso. Nadhani alitaka kumfurahisha tu, na nadhani pia alikuwa anasema kweli kwa namna yake, kwa sababu siku ile alipoweka ule uzito katika hesabu, namba zote zilizokuwa zikirukaruka zilitulia. Akamjibu, "Ilinyamaza, Mama. Kila kitu kilitulia."

Jumapili iliyofuata alichinjwa kuku. Barasa alipewa firigisi, kipande cha mwenye nyumba, ambacho tangu msiba hakuna aliyekuwa amekila. Wanawake wa kikundi cha maombi walijaa sebuleni, wakaimba, na mmoja wao akaomba dua ndefu kwa ajili ya "mtoto wetu Simiyu aliyerudi kwa njia ya elimu." Nilisema amina. Nilikuwa nimeanza kuwa na shaka wiki ile ile, na nilisema amina kama wengine.

Shaka lilinijia kwenye kivuko cha reli. Jioni nilikuwa na tabia ya kwenda kukaa kwenye tuta, kutazama watu wakitoka viwandani. Lango la kiwanda kimoja lilikuwa mbali kidogo, na kila jioni lilitoa makundi mawili: wanawake wa kufungasha bidhaa, ambao walikuja polepole upande wetu, na vijana wa vibarua, ambao walikwenda upande wa pili kuelekea Mukuru kwa Reuben. Hao vijana wakishafika kwa muuza mahindi, kundi lilivunjika, na baadhi yao wakageuka, wakarudi mbio, wakapita lango, wakawafukuzia wale wanawake. Waliwafikia palepale kwenye kivuko. Hapo kulikuwa na kicheko, matusi ya utani, mtu kunyang'anywa mfuko na kurudishiwa. Mgeni akitazama kutoka mbali angeona umati mahali pale pale kila jioni, akaapa kwamba hapo pana duka au mlevi anayehubiri. Lakini hapakuwa na kitu. Umati ulitokana na mwendo tu: nani alitoka lini, akaenda upande gani, akageuka wapi, ana kasi gani. Jumamosi moja kiwanda kiliwaachilia vijana wakiwa wamechelewa. Siku hiyo hawakuwafikia wanawake, na kivuko kilikuwa kitupu.

Chembe nzito nayo huweza kuvunjika ikatoa mbili zinazokwenda pande tofauti. Moja kati ya hizo inavunjika njiani, na kipande chake kinageuka, kinaifukuza ile ya kwanza. Uzito wa zote ukiwa umekaa sawasawa, kipande kinaifikia, zinagongana, na kwenye grafu inatokea nundu kali ambayo inafanana kabisa na chembe mpya. Vitabu vina jina gumu la hali hiyo. Mimi na Barasa baadaye tuliiita kona. Ni kona ya hesabu za mwendo, hakuna anayekaa pale. Na namna ya kujua ni rahisi. Chembe ya kweli utaikuta hata ukibadilisha mzazi, yaani ile chembe nzito iliyovunjika. Kona inahama, au inapotea, mzazi akiwa mzito zaidi au mwepesi zaidi kidogo tu. Grafu ya mzazi mzito zaidi ilikuwa kwenye rundo letu. Niliitandaza mezani Mama akiwa sokoni. Mahali pa Simiyu palikuwa tambarare.

Tangu siku hiyo nikawa mtu mwenye adabu kupita kiasi. Niliosha vyombo ambavyo havikuwa zamu yangu. Nilichota maji kabla Mama hajaamka. Aliponiongezea mchuzi nilihisi kama ananilipa kwa kazi ambayo angeijua angenifukuza. Chuo kilikuwa kimefunguliwa, vyumba vya kulala vilikuwepo, na ningeweza kurudi huko nikajificha, lakini Mama alisema ningoje semina ipite, ili twende pamoja. Ndiyo, alikuwa anakuja. Alikuwa ameuliza Barasa ni watu gani watakaokuwepo, na alipoambiwa ni maprofesa na wageni wawili kutoka nje, alisema basi ni vizuri, jina liitwe mbele ya watu. Kwenye bomba nilimsikia akiwaeleza wenzake. Yule wa sukumawiki akamwuliza atafahamu nini huko, na Kiingereza chote kile. Mama akasema, "Nitafahamu neno moja. Hilo linanitosha."

Ningesema mapema kama isingekuwa ile nafasi. Ningekuwa sina ninachopata, ningemwambia Barasa siku ile ile, tukacheka, tukala muhogo. Lakini kila nilipofungua mdomo nilijisikia kwa masikio yake: huyu wa akiba, amepata kasoro. Nikarudia hesabu nikitafuta mahali nilipokosea. Niliomba niwe nimekosea. Kisha nikajishuku hata kwa maombi yale, kwamba pengine ninaomba kwa sababu najua hayatajibiwa. Kijana wa siku hizi akiteswa na fikra zake, watu humwambia aache kufikiri sana. Mimi huwa namwonea huruma na kumwambia kitu kingine: kwamba kufikiri kwingi nako ni njia ya kutofanya. Siku zilikuwa zinakwenda, nami nilikuwa nimejificha ndani ya dhamiri yangu kama mtu aliyejifungia chooni wakati wa kazi.

Nilimwambia hatimaye tukiwa tunaanua nguo nyuma ya nyumba. Nilimweleza kwa mfano wa kivuko, kisha nikampa ile grafu ya pili. Hakuitazama. Aliendelea kukunja shuka, pembe kwa pembe.

"Hii ni hesabu ama ni wivu?" akauliza.

"Sijui," nikasema. "Lakini iangalie."

Aliondoka nayo. Kwa siku mbili hakunisemesha isipokuwa mbele ya Mama, pale alipolazimika kuniomba chumvi. Siku ya tatu alinikuta kwenye tuta, akakaa mbali nami kidogo, akatazama wanawake wakifika na vijana wakija mbio. Aliwatazama mpaka wakatawanyika. Akasema niko sawa. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani wa mtu mwingine. Kisha akaniambia alivyopanga. Angesoma semina kama ilivyo. Angemtaja Simiyu mara moja, polepole, Mama asikie. Angekwenda ng'ambo, na akishatulia huko angeandika kwamba amekosea, kwa sababu watu hukosea na hakuna anayefungwa kwa hilo. Alichotaka kutoka kwangu ni kunyamaza tu, wiki chache.

"Mimi ndiye niliyetangaza kifo chake mara ya kwanza," akasema. "Niligonga kila mlango wa hii laini. Usiniambie nitangaze tena."

Nilikaribia kukubali. Ningependa kuandika kwamba sikukaribia, lakini nilikaribia sana, na sababu zangu zilikuwa nzuri. Mama angefurahi. Barasa angekwenda, na alistahili kwenda, kwa kuwa hata kukosea kwake kulikuwa kwa mtu mwenye jicho kali kuliko langu. Mimi nundu ile nisingeiona kamwe. Na mimi ningekuwa msafi, kwa sababu ningekuwa nimenyamaza nikipata hasara. Hilo la mwisho ndilo lililonishtua. Niligundua kwamba ninachagua kati ya kusema na kunyamaza kwa kupima ni lipi litanifanya nionekane mwema machoni pangu. Mama alikuwa hayumo kabisa katika mizani hiyo. Angekwenda kukaa katika chumba cha semina akiwa amezungukwa na watu watatu, Barasa, mimi na pengine Profesa ambaye angeing'amua ile kona kabla semina haijaisha, wote wakijua kwamba anaitiwa mtoto mahali pasipo na mtu. Angetabasamu. Nasi tungemtazama akitabasamu.

Mchana wa siku iliyotangulia semina nilimkuta sebuleni, ametandika blanketi juu ya meza, anapiga pasi ya makaa gauni lake la ibada. Barasa alikuwa nje akizungumza na jirani. Nilimwambia Mama kuna jambo, nalo ni baya. Hakuacha kupiga pasi. Nikamweleza kuhusu kivuko, ambacho alikijua kuliko mimi, na wale vijana, na umati unaokuwepo pasipo kuwa na kitu. Nikamwambia ile chembe ni vivyo hivyo. Kwamba Barasa hakudanganya. Alikosea, kosa ambalo watu wakubwa wamelifanya kabla yake.

Pasi ilisimama. Aliinyanyua haraka isichome kitambaa.

"Kwa hivyo tuliita," akasema, "na aliyenyamaza hakuwa mtu."

"Hakuwa, Mama."

"Barasa anajua?"

"Anajua."

Alitazama mlangoni, ambapo sauti ya Barasa ilisikika ikicheka kitu. Nilidhani atalia, lakini alionekana tu kama mtu aliyebeba kitu kizito na kuambiwa kwamba nyumba aliyoelekezwa siyo. Ningeweza kuondoka hapo. Nilikuwa nimesema ukweli, na kila mtu angesema nimefanya vyema. Lakini ulikuwa nusu, na ile nusu nyingine ndiyo iliyokuwa ikinikosesha usingizi. Nikamwambia kwamba kazi hii ikianguka, Barasa hataenda ng'ambo, na kwamba atakayekwenda ni mimi.

Aliweka pasi juu ya kigae. Alinitazama bila hasira, kama anavyotazama mtu nguo kwenye mwanga kuona kama imetakata.

"Na wewe unataka kwenda?"

Nilikuwa nimejitayarishia majibu ya kila kitu isipokuwa hilo. Nilikuwa na majibu ya kuniita mwizi, ya kunitoa katika chumba cha mwanawe, hata ya kunisamehe. Nilitaka kumwambia kwamba sijali, kwamba nafasi ipewe mtu yeyote.

"Nataka, Mama," nikasema. Kisha nikatoka nje kumwita Barasa, aje asikie nikilirudia.